Miaka 18, krediti 9: abaki shule kubwa, aende shule ndogo mbadala, au GED?

BabaWatano
Salaam wandugu. Tuko Minnesota, mwaka wa tatu tangu tutoke kambi ya Nyarugusu. Kijana wangu ametimiza miaka 18 mwezi uliopita. Alipofika walimweka darasa la tisa na Kiingereza hana, mwaka mzima ukaenda bure. Leo ana krediti 9, yaani pointi za masomo aliyofaulu, na jimbo linataka 21.5 ndipo apewe diploma. Kaunsela katuwekea njia tatu: abaki hapo hapo penye wanafunzi karibu elfu mbili, ahamie shule mbadala ya wilaya ambayo hata 120 hawafiki, au aache shule afanye GED, ile mitihani ya cheti kinachosimama badala ya diploma.

Nimeifungua hiyo ndogo kwenye Minnesota Report Card, tovuti ya jimbo yenye takwimu za kila shule, nikaishiwa nguvu. Wanaomaliza kwa miaka minne hawafiki hata theluthi, wakati jimbo zima mwaka 2024 lilikuwa kama asilimia 84. Kwenye hisabati hakuna namba, nyota tupu. Wanafunzi wengi ni weusi na Walatino, na karibu wote wanahesabiwa maskini. Mke wangu anasema tumetoka kambini, hatumrudishi mtoto kambini. Naombeni mawazo.

MamaZuhura
Abaki shule kubwa, baba. Huko kuna walimu wa Kiingereza watatu wanne, kuna maabara, kuna mpira. Hizi shule mbadala wanapelekwa watoto walioshindikana. Wa dada yangu alienda, akajifunza kuvuta bangi tu.

Ticha_wa_Krediti
Mama Zuhura, pole kwa hilo, lakini bangi hata shule kubwa ipo, tena inauzwa chooni.

Baba Watano, mimi ni msaidizi wa darasa kwenye shule ya aina hiyo, si hiyo yako, mwaka wa sita huu. Kabla hujaiogopa hiyo asilimia, jua inavyopigwa. Mtoto anahesabiwa tangu siku anapoanza darasa la tisa, na akihama, miaka yake inahama naye. Shule kubwa inakaa naye miaka mitatu na nusu, inaona hamalizi, inatuletea Januari akiwa na krediti 10. Juni ikifika hajamaliza, na anaandikwa kwetu. Waliomharibia mahesabu wanabaki weupe pe! Kijana wako mwenyewe akihamia huko na kumaliza mwaka wa tano, kwenye hesabu ya miaka minne atakuwa kawashusha. Kwa hiyo usiishie hapo: jimbo letu linatoa pia hesabu ya miaka mitano, sita na saba. Zitazame. Ikiwa mwaka wa sita au wa saba namba inapanda sana, ujue watu wanamaliza, ila wanachelewa. Ikiwa haipandi, mke wako ana hoja.

Nyota ni hivi: kundi likiwa chini ya watu 10, matokeo yanafichwa ili mtoto asitambulike. Na mtihani wa jimbo wa kusoma ni wa darasa la 10, wa hisabati ni la 11. Wetu wengi wanafika wameshapita hapo. Halafu kundi la watu 20, watatu wakikata shule umeshashuka asilimia 15. Huo si mwelekeo, ni watoto watatu, nami nawajua kwa majina.

Umaskini nao ulikuwa unahesabiwa kwa fomu za chakula cha shule, lakini tangu mwaka wa masomo 2023 watoto wote Minnesota wanakula bure shuleni, kwa hiyo wazazi wengi hawajazi tena fomu. Namba inayobaki inategemea zaidi familia zilizo kwenye misaada kama SNAP, ule wa chakula wa serikali. Usilinganishe na za miaka ya nyuma.

Mwana_wa_Uvira
Aksanti mwalimu. Miye nina swali moja. "Weusi" hao ni nani? Kwenye fomu ya serikali kuu mtoto wangu, Msomali wa jirani na Mmarekani ambaye babu yake kazaliwa Chicago wote wanatiwa kisanduku kimoja.

Ticha_wa_Krediti
Ndiyo hapo. Kisanduku hakikwambii nani alikaa miaka sita bila shule, nani analea mtoto, nani analala kwenye gari la mama yake. Na hizo ndizo sababu za kisheria za kupokelewa kwetu: kuwa nyuma kimasomo, kuwa mjamzito au mzazi, kukosa makazi, kujifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Shule inakusanya waliokwama, halafu watu wanashangaa mbona namba zimekwama.

Kasulu98
Mimi nimemaliza shule ya hivyo nikiwa na miaka 20. Darasani tulikuwa 14. Nyuma ya mlango wa kaunsela kulikuwa na karatasi ndefu yenye vyumba vidogo, kila nusu krediti unapaka kijani mwenyewe. Nilianza na vyumba 15. Nikichelewa, saa tatu na dakika kumi simu inaita: "Uko wapi, nikuletee basi?" Shule kubwa nilikosa wiki mbili, hakuna aliyejua.

Ubaya nao upo. Mpira nimeuacha. Kemia hakuna, masomo mengi ni kompyuta, unabofya mpaka usingizi. Na mwalimu wa Kiingereza alikuja siku mbili kwa wiki tu. Hilo uliza kabla ya kusaini.

Njoro_Dallas
Mkuu, hiyo GED msiichukulie mchezo. Nimeifanya. Ni mitihani minne, kila mmoja unahitaji alama 145, na hakuna ya Kiswahili, ni Kiingereza au Kihispania. Kama kijana bado anasoma kwa shida, sayansi yenyewe itamgeukia mtihani wa lugha. Na huko kwenu nasikia chini ya miaka 19 lazima aombe ruhusa maalum. Chuo wanaikubali, mimi niko college. Lakini kwa hesabu za shule, anayetoka kwenda GED anaandikwa hajahitimu, so hata kaunsela akikusukuma huko, jiulize.

MamaZuhura
Sawa, nimesikia. Lakini mwambieni ukweli pia: hiyo theluthi, hata ikipigwa vipi, wapo waliopotea kabisa.

Ticha_wa_Krediti
Wapo. Sikatai. Ndiyo maana nasema aulize vitu viwili: mwanafunzi wa kawaida anapata krediti ngapi kwa muhula, na walioingia Septemba wangapi bado wapo Mei. Wakibabaika kujibu, rudi nyumbani.

BabaWatano
Nimeenda jana na kijana. Krediti wametujibu, mpaka wakatoa daftari. La Mei wamesema watanitumia. Mwalimu wa Kiingereza yupo siku tatu. Hesabu ya mwaka wa sita ni zaidi ya nusu, nimemwonyesha mke wangu, kanyamaza, bado hajakubali. Tatizo lililobaki ni zamu ya kijana ya kazi ghalani, inaanza saa kumi jioni, na basi la kutoka huko linapita saa tisa na nusu, baada ya hapo hakuna mpaka saa kumi na moja. Kuna mwenye mtoto anayepanda hiyo laini?