Kikundi cha Ukoo: Singeli za Mburahati

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza Sounds of Sisso yote, ule mkusanyiko wa singeli, muziki wetu wa kasi wa Dar, waliotoa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Nani mwingine kasikiliza?

Shangazi Asha: Marahaba. Singeli? Si ndizo zinazotukesha kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha?

Hamisi: Hizohizo shangazi 😂 Zimetoka studio ya prodyuza Sisso, hapo Mburahati tu, Dar.

Dada Neema: Mimi wimbo wa kwanza nilidhani simu imeharibika. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika! Anayecheza hivyo ana miguu mingapi?

Hamisi: Hufuati kila pigo dada. Kiuno kinakwenda taratibu, biti iache ikimbie yenyewe.

Mjomba Salumu: Mimi nimeshikwa na kinanda. Ile sauti nyembamba kama nyuki kwenye kopo ni mchiriku mtupu, ule muziki wa mtaani wa Dar wa zamani. Bendi kama Jagwa Music walikuwa na Casio ndogo, ngoma na spika zinazokoroma, basi, mtaa mzima unajaa. Hawa vijana wamechukua utamu uleule wakauingiza kwenye kompyuta. Watu wa nje wakisema ni muziki mpya kabisa mimi nacheka tu.

Dada Neema: Mjomba kila kitu kilianza enzi zako 🙄

Mjomba Salumu: Casio ilianza Japani, hiyo nawaachia.

Shangazi Asha: Na taarabu je? Hawa si wanakata kipande cha taarabu, wanakikimbiza, halafu kinazunguka hapohapo mpaka kizunguzungu? Hilo mbona hulisemi Salumu?

Mjomba Salumu: Kweli dada, hapo umenishika.

Hamisi: Mimi napenda biti tupu. Emsii akiingia kughani naona ananiharibia.

Dada Neema: Tofauti kabisa. Biti tupu dakika mbili nimechoka. Emsii ndiye anayenibakisha, ingawa nusu ya maneno yananipita.

Shangazi Asha: Yanawapita kwa sababu mnasikiliza kasi. Mimi usingizi wenyewe sipati, nimelala nasikiliza maneno. Kijana anaghani shida ya hela, anamsema mwenye nyumba, katikati anasalimia watu wa mtaani kwa majina yao, kisha anarudi palepale alipoachia bila kukosea pigo. Huyo ana kichwa. Makelele sijayasamehe, lakini ana kichwa.

Dada Neema: Shangazi!! Kumbe shabiki 😂😂

Shangazi Asha: Shabiki wa nini. Dirisha langu halizibi.

Hamisi: Ila kweli, huko Ulaya wanasifia spidi tu. Utani wa emsii hawaupati hata kidogo.

Mjomba Salumu: Na sisi Wakongo tumewacheza miaka yote Kilingala hatukijui. Waache wafurahi.

Dada Neema: 😂 Mjomba kamaliza.

Hamisi: Basi anayetaka biti bila maneno mengi atafute albamu ya Poaa ya prodyuza Bamba Pana, ya 2018. Hapo kinanda cha mjomba kinalia mpaka basi.

Mjomba Salumu: Nitumie. Ila subiri asubuhi, bando limekata.

Shangazi Asha: Mimi nitumie zenye maneno. Na msiseme kwa mama yenu.

Dada Neema: Shangazi, mama yumo humu kwenye kikundi.