Naomba ushauri: pistoni za foji zilizopakwa zitavumilia kwenye Forester turbo?

MdauTegeta
Wakuu habari za jioni. Nna Forester SG5 ya turbo, injini EJ20. Jumapili usiku natoka Kibaha, nafika Kibamba nikasikia mlio kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, gari ikaishiwa nguvu, nyuma moshi wa bluu umetanda. Ikavutwa mpaka gereji. Kompresheni (presha ya silinda ikibana hewa) silinda tatu zinasoma kati ya psi 140 na 150, namba 4 inasoma 60. Fundi anasema za kiwandani nisirudishe, nifunge pistoni za foji (zilizogandamizwa, ngumu kuliko za kumiminwa) zilizopakwa, juu keramiki, kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni) ule weusi wa molibdeni. Kuna mtu Gerezani anazo nne. Swali langu ni moja tu, huko kupaka kunasaidia kweli au ni urembo? Siku ya tano leo sijalala vizuri.

Kibopa_wa_Sinza
Pole mkuu. Uza kama ilivyo chukua IST, utalala. Mimi nilikuwa na Altezza naipenda kuliko kitu chochote, kila mwisho wa mwezi nipo Ilala natafuta spea, siku niliyoiuza mama watoto alipika pilau.

Spana17
Kupaka sio urembo, ila kila kitu na kazi yake. Keramiki ya juu inazuia joto la moto lisiingie lote kwenye pistoni. Molibdeni au grafaiti ya kwenye sketi inapunguza msuguano, hasa asubuhi ukiwasha oili haijafika vizuri, ukuta wa silinda usikwanguke. Zipo pia ambazo mfereji wa ringi ya juu umefanyiwa anodaizi ili ringi isigandane na aluminiamu. Ila pistoni haifi bila sababu. Bust (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) inasoma ngapi, na umegusa nini kwenye hiyo injini?

MdauTegeta
Gari iko kawaida tu mkuu, oili namwaga kila kilomita 5,000, sio mtu wa kukimbiza. Nilitaka kujua kuhusu hizo pistoni.

Mama Zuu
Vijana hiyo barabara ya Morogoro mnaifanya uwanja wa mashindano. Mdogo wangu alianza hivihivi, leo egzosi, kesho turbo kubwa, ada ya mtoto ikaliwa na gari. Kaka angu kama una familia waangalie kwanza.

Spana17
Mleta uzi hujajibu kuhusu bust.

MdauTegeta
Sawa wakuu. Mwezi wa sita nilifunga ile valvu ya mkono ya kuongezea bust. Mwanzo geji haikuwa inafika bar 0.9, nikaipeleka 1.1. Mapu (mpangilio wa mafuta na taimingi kwenye kompyuta ya injini) haikuguswa. Ila nimetembea miezi mitatu bila tatizo lolote kwa hiyo sidhani kama ndo sababu, na ndo maana nataka pistoni ngumu ili hiyo bust ikae kwa amani. Af nishalipa advansi laki nane, kwa hiyo kurudi nyuma ni ngumu.

Spana17
Ungeanza na hilo. Ukiongeza bust bila mapu, kompyuta inaendelea na taimingi (wakati wa plagi kuwasha moto) iliyopangwa kwa presha ndogo. Mafuta yanajilipua yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia, hiyo ndo noki, na ile misumari uliyoisikia ni yenyewe. Kila ikigonga ni nyundo juu ya pistoni, na ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ndo unaokatika kwanza. Zaidi ya hapo hizi gari za Japani nyingi zimepangiwa petroli yao ya hali ya juu, inakaribia oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili isijilipue), ukiweka ya chini ya hapo noki inakuja haraka. Hakuna rangi inayozuia nyundo. Foji itavumilia muda mrefu kidogo, basi. Af foji zenyewe zinatofautiana, ya aloi ya aluminiamu 2618 ina silikoni kidogo, inatanuka sana, inataka nafasi kubwa ukutani na asubuhi itagongagonga. 4032 ina silikoni kama asilimia 12, inatanuka kidogo. Muuzaji kakwambia ni ipi? Ni mpya au zilishatembea?

MdauTegeta
Zilishatembea, ila rangi bado ipo. Ukuta uliokatika ni huohuo unaousema, ninayo hapa mkononi.

Kaptula
Chai hii. Umeanza na kupima kompresheni, saivi una pistoni mkononi? EJ silinda zake zimelala ubavu, hiyo pistoni umeitoaje, kwa sumaku? Huyu katumwa na muuzaji watu waulize bei.

Kibopa_wa_Sinza
Hata mimi nimeshtuka kidogo. Mleta uzi funguka.

MdauTegeta
Kompresheni tulipima Jumatatu, injini ikashuka Jumatano, nimewaandikia vyote leo Ijumaa. Hedi ikatoka, fundi akafungua plagi ya nyuma ya bloku upande wa flaiwili, akavuta pini kupitia lile tundu, pistoni ikatoka. Kipande kilichokatika kina urefu kama wa kucha ya kidole gumba, ringi ya pili imejikunja, ukingo wa juu una vishimo vidogo vidogo kama umedonolewa na kuku. Sina bei ya kumtangazia mtu. Hiyo laki nane ni ya dada angu, alinipa nimlipie kodi ya fremu yake Mwenge na mwisho ni tarehe 30. Hapo ndo usingizi ulipoishia.

Kaptula
Vishimo hivyo ni noki kweli. Samahani mkuu.

Mama Zuu
Mpigie dada yako leo, asisikie kwa mwenye fremu.

Spana17
Nenda na mtu mwenye maikromita, zipimwe kwenye sketi. Silinda yako ya kiwandani ni milimita 92.

MdauTegeta
Mrejesho wa Jumamosi. Tatu zimesoma 92.42, ya nne 92.31, upande mmoja ule weusi umelika mpaka unaona aluminiamu inang'aa. Ni oversaizi, bloku ingebidi ichongwe, na hiyo moja isingekaa. Nimeziacha. Muuzaji karudisha laki tano, nyingine kasema mwisho wa wiki. Dada nimempigia, alinyamaza muda mrefu, af akaniuliza tarehe 30 ni siku gani.

Spana17
Na ile valvu?

MdauTegeta
Nimeitoa. Ipo mezani hapa karibu na pistoni.