Naomba ushauri: mdogo wangu aanze na kitabu gani?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kirumba, Mwanza. Mdogo wangu wa kidato cha tatu kanogewa na hadithi za kisayansi tangu tulipoona filamu ya Dune ya 2021 kwenye banda la video, ile iliyotafsiriwa na DJ. (Jamaa aliwaita wale minyoo wakubwa wa kwenye filamu "kamongo wa jangwani", tulicheka hadi basi.)

Sasa anataka kitabu chenyewe, cha Frank Herbert, cha 1965. Kinene kama tofali, na Kiingereza chake bado cha kuungaunga. Nimpe hivyo hivyo, au aanze na The Time Machine ya H. G. Wells? Ni ya 1895, fupi, na inapatikana bure mtandaoni. Ila naogopa atasinzia.

Magemu ya aina hii msinishauri, kompyuta yangu inapumulia mashine. Na hadithi za Kiswahili za aina hii, zipi mmesoma mkazipenda?