Naomba ushauri: nikope kikoba nichape nakala 1000 za riwaya yangu?

Mwalimu_Makambako
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Makambako. Nimemaliza kuandika riwaya, inahusu ndugu wanaogombania shamba la miti baada ya baba yao kufariki. Mchapishaji wa kwanza niliyempelekea mswada hajajibu hadi leo. Wa pili alikubali, ila gharama zote ziwe zangu. Nikaona basi bora nijichapishie mwenyewe.

Nimeuliza bei Dar. Kitabu ni A5, kurasa 240. Nikichapa nakala 1000, kila moja ni shilingi 4,500. Nikichapa 200, inapanda hadi 8,000. Nafikiria kuuza 15,000. Kikoba chetu kiko tayari kunikopesha, na mume wangu anasema tuchukue 1000 kwa sababu faida inaonekana. Mimi nasita, sina jina lolote kwenye uandishi. Waliopita njia hii, nichape ngapi? Na nitauzaje nikiwa huku Njombe?

Kalamu_ya_Tanga
Mwalimu, chapa 200. Nakwambia kwa msisitizo kabisa.

Shemeji anaangalia faida ya kila nakala, na hapo yuko sahihi. Tatizo ni kwamba faida hiyo haipo mpaka kitabu kiuzwe. Nakala 1000 ni milioni 4.5. Ili kurudisha mtaji tu, inabidi uuze nakala 300 kwa mkono wako mwenyewe kwa bei kamili. Ukipitia dukani na duka likakata asilimia 35, kwako inabaki 9,750, kwa hiyo lazima ziuzwe 462 kabla hujaona senti yako. Wakati huo riba ya kikoba haisubiri wasomaji.

Nakala 200 ni milioni 1.6. Ukiuza mwenyewe, kila moja inakuachia 7,000 kabla ya nauli na bahasha. Zikiisha, una fedha ya kuchapa tena na una orodha ya watu 200 wanaokujua. Hiyo orodha ndiyo mali. Andika jina na namba ya simu ya kila anayenunua, omba ruhusa ya kumtaarifu kitabu kingine kikitoka.

Na hata hizo 200 usichape zote kwa fedha yako. Tangaza oda za awali kwa mwezi mmoja, mtu alipe 13,000 badala ya 15,000. Wakijitokeza 80, una zaidi ya milioni moja mkononi kabla mashine haijawashwa. Wakijitokeza sita, umejua mapema, bila deni. Ila fedha ya oda usiiguse kwa jambo lingine lolote, na tarehe utakayowaahidi iwe ile mchapaji aliyokuandikia, ongeza wiki mbili.

Mhariri_Mstaafu
Mbona hakuna anayeuliza kuhusu uhariri? Mwalimu, mswada umesomwa na nani zaidi yako?

Nimefanya kazi ya uhariri miaka mingi. Kinachomfanya msomaji asinunue kitabu chako cha pili mara nyingi ni cha kwanza kilichojaa makosa: mhusika anaitwa Neema sura ya tatu, sura ya tisa anaitwa Rehema, mazungumzo ambayo hujui anasema nani, sentensi ya mistari saba. Wewe mwenyewe huwezi kuyaona, kwa sababu akili yako inasoma ulichokusudia. Wape watu watatu wasome kwanza, wawili wasiwe walimu. Usiwaulize kama wamependa. Waulize walichoka ukurasa wa ngapi na wapi walirudi nyuma kusoma tena. Baada ya kurekebisha ndipo umlipe mhariri, na kazi ya mwisho iwe kusoma prufu, yaani nakala ya kukagua makosa, iliyochapwa kwenye karatasi, siyo kwenye simu.

Kama fedha ni ndogo, punguza nakala. Usipunguze uhariri.

DukaLaVitabu_Arusha
Nasema kwa upande wetu wenye maduka. Mwandishi mgeni tunampokea kwa mali kauli: analeta nakala tano au kumi, tunamlipa zikiuzwa. Tunakata kati ya asilimia 30 na 40. Dada yangu, usigawe nakala 20 kila duka nchi nzima halafu ukae unasubiri simu. Chagua maduka mawili au matatu unayoweza kuyafuatilia, andikishana nao idadi na tarehe ya mahesabu, na kila ukileta mzigo mpya chukua fedha ya uliopita.

Jalada nalo. Mteja akiwa amesimama mbele ya rafu, jina la kitabu lisomeke kutoka mbali. Siku hizi lisomeke pia kwenye picha ndogo ya WhatsApp. Picha nne zilizobanwa pamoja na maandishi ya dhahabu hazimvuti mtu.

FundiMashine
Kuhusu uchapaji. Bei ya 1000 inashuka kwa sababu hiyo ni ofseti, uchapaji wa kutumia bamba lenye kurasa zako: gharama ya kuandaa bamba ni ileile uchape 100 au 5000. Hiyo 200 ni dijitali, haina bamba. Ubora kwa riwaya isiyo na picha hautofautiani kiasi cha kumsumbua msomaji.

Ukija kuchapa kwa ofseti, karatasi hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16. Zako 240 ni mafungu 15 kamili, umebahatika. Mhariri akikuongezea mpaka 243, muulize mchapaji kabla hujakubali. Mchora jalada naye anahitaji unene wa mgongo: kurasa 240 ni karatasi 120, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni kama milimita 12. Mwache mchapaji athibitishe. Usilipe salio kabla hujashika nakala moja ya mfano. Ifungue katikati kwa nguvu uone kama gundi inaachia.

Simulizi_Mwanza
Mimi nilianzia Facebook, sura moja kila jioni saa mbili, saa ileile bila kukosa. Watu walizoea. Wakati kitabu kinatoka walikuwa wananidai mwisho wa hadithi! Toa sura nne au tano za mwanzo bure, katisha pale pagumu, halafu weka lipa namba. Soma pia kipande kwa sauti yako mwenyewe, dakika tatu, tupia kwenye status. Sauti inasambaa kuliko tangazo lolote la kulipia nililowahi kuweka.

Kuhusu wewe kuwa Makambako, hiyo ni faida. Ugomvi wa mashamba ya miti huko nani asiyeujua? Nenda redio za huko Njombe, omba kipindi cha kuzungumzia mirathi ya ardhi, kitabu ukitaje katikati ya mazungumzo.

Mwalimu_Makambako
Asanteni sana, sikutegemea msaada mkubwa hivi. Maswali matatu. Nikitoa sura bure si wataiba hadithi? ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, napata wapi? Na naweza kuuza shuleni kwangu?

Wakili_Dodoma
Kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kujipatia ushahidi. Ifanye kabla ya kutoa sura hizo. ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nakala za kuhifadhi kisheria utapeleka hukohuko.

Shuleni uwe makini. Kitabu cha kiada au ziada lazima kiwe na ithibati kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Kuwauzia wanafunzi wako mwenyewe kutakuletea maneno hata kama nia ni njema. Walimu wenzako, sawa.

Kalamu_ya_Tanga
Naongezea. Kabla hujachapa, soma masharti ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa 2022. Inapokea miswada, na mshindi wa kwanza amekuwa akipata milioni 10 pamoja na kuchapiwa kitabu. Ukishachapa au kumwaga sura mtandaoni unaweza kujifungia mlango. Tuzo nyingine ni ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell.

Mwalimu_Makambako
Basi nimeelewa. Mkopo nauacha. Mswada unaenda kwa wasomaji watatu kwanza, halafu naangalia tuzo, na oda za awali zitafuata baadaye. Swali la mwisho: wa mikoani nawatumiaje?

DukaLaVitabu_Arusha
Mabasi, dada. Funga kwenye nailoni kwanza ndipo bahasha, andika jina na simu ya mpokeaji pande zote mbili, na risiti ya mzigo ipige picha umtumie saa hiyohiyo pamoja na jina la basi. Nauli ya mzigo alipe mteja, mwambie kabla hajatuma fedha.