Chemsha bongo imenidhulumu mtungi wa gesi kwa sababu ya mwaka 1258

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Nilisema nipotezee, nimeshindwa. Mods, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho, mimi sicheki.

Mtaani kwetu kuna kikundi kinaandaa chemsha bongo kila mwisho wa mwezi. Kiingilio elfu tano, mshindi anabeba mtungi wa gesi uliojaa. Jumamosi tumechujana mpaka tukabaki wawili, mimi na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Swali la mwisho: taja tukio kubwa kuliko yote duniani mwaka 1258. Nikanyoosha mkono kabla muulizaji hajafunga mdomo. Kuanguka kwa Baghdad!

Akachungulia karatasi yake. Kosa. Jirani akasema "Maazimio ya Oxford", akapigiwa makofi, akabebeshwa mtungi wangu.

Nimemfuata muulizaji pembeni kwa adabu kabisa. Anajibu nini? "Kaka, swali limesema duniani, wewe umeleta habari za Waarabu." Aisee!

Sasa naomba niseme hapa nilichonyimwa nafasi ya kusema pale. Baghdad ilijengwa mwaka 762, na ukhalifa wa Bani Abbas ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 500. Ndiyo, najua, kufikia wakati huo khalifa hakuwa na ubavu nje ya Iraki. Lakini jina lake bado lilikuwa na uzito misikitini. Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan na kiongozi wa jeshi la Wamongolia, akamwandikia ajisalimishe. Khalifa mwenyewe, Al-Musta'sim, akajibu kwa majivuno, jeshi lenyewe hana. Katikati ya Januari askari wake walipotoka kupambana, Wamongolia wakabomoa kingo za maji nyuma yao, uwanja ukafurika, wengi wakazama. Mwisho wa Januari mji umezingirwa. Tarehe 10 Februari, yaani 4 Safar 656, khalifa akatoka kujisalimisha. Siku kumi baadaye naye akauawa. Inasimuliwa kwamba walimviringisha kwenye zulia wakampitishia farasi juu, kwa kuwa kwao damu ya mtawala haimwagwi ardhini. Adabu za ajabu hizo.

Idadi ya waliokufa watu wanabishana mpaka leo. Hulagu mwenyewe, kwenye barua yake ya 1262 kwa mfalme Louis IX wa Ufaransa, alijigamba kuwa ni zaidi ya 200,000. Na msiniletee ile ya mto Tigris kugeuka mweusi kwa wino wa vitabu. Hiyo ni chumvi ya wasimuliaji waliokuja baadaye, na vitabu vingi viliokolewa na mwanachuoni Nasir al-Din al-Tusi akavipeleka Maragha, mji ulioko Iran ya leo. Sihitaji chumvi mimi. Kesi yangu ina nguvu bila hiyo.

Halafu huyo muulizaji angeniambia jibu ni Vietnam, ningenyamaza, wallahi. Januari hiyohiyo jeshi jingine la Wamongolia liliingia Thang Long, ambayo leo ni Hanoi, likakuta mji umehamwa, chakula hakuna. Mwisho wa mwezi mfalme wao, Tran Thai Tong, akarudi akalitimua. Yaani wakati huku wanaizingira Baghdad, kule wanakimbizwa! Hilo ni jibu la mtu aliyesoma.

Lakini Oxford? Haya, tuiongelee hiyo Oxford. Juni 1258 mabaroni, yaani wakuu wenye ardhi, walimbana mfalme Henry III wa Uingereza akubali kutawala pamoja na baraza la watu 15, na bunge likae mara tatu kwa mwaka. Si jambo dogo, nakubali. Ila muulize mshindi wetu kwa nini mfalme alibanwa, atakutolea macho. Henry alikuwa amejitwisha madeni ya Papa ili mwanawe Edmund apewe ufalme wa Sicily. Agosti mwaka huohuo Manfred, aliyekuwa tayari anaitawala Sicily, akajivika taji huko Palermo. Pesa imeliwa, kiti kimekaliwa na mwingine! Na kwenye mitaa ya London watu walikuwa wanakufa njaa, mavuno yameharibika kwa baridi. Wataalamu wanaihusisha baridi hiyo na mlima wa Samalas uliolipuka 1257 kule Lombok, Indonesia. Hata hilo jibu lao la Uingereza huwezi kulieleza vizuri bila kutoka nje ya Uingereza. Sasa "duniani" yao inaishia wapi?

Nimedai nirudishiwe elfu tano yangu, nimeambiwa uamuzi wa waandaaji ni wa mwisho. Nikaomba basi nioneshwe maswali wameyatoa wapi. Karatasi ikakunjwa ikaingia mfukoni.

Kuna mtu humu amewahi kudai jibu lipitiwe upya kwenye mashindano kama haya akafanikiwa? Niandike barua, au niende kwa mjumbe wa shina? Mke wangu anasema niachane nao, ila yeye ndiye anayepuliza mkaa.

Nyongeza: mnaouliza kama nimegombana na jirani, hapana. Jana usiku kaleta sahani ya pilau, kasema kazindulia mtungi. Nimekula. Ilikuwa imeungua kidogo chini.