Naomba ushauri: Kuomba nafasi ya MBA baada ya kuacha kazi kwa ajili ya familia

Nasubira (mleta mada)
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nilifanya kazi kwa miaka minane katika idara ya fedha ya kampuni ya usafirishaji, na mwishoni nilikuwa msimamizi wa kitengo cha bajeti. Mama alipopata kiharusi, mwanangu wa pili akiwa bado ananyonya, niliacha kazi ili niwahudumie, na sasa ni takriban miaka sita. Mama amepata nafuu na watoto wanasoma, kwa hiyo nakusudia kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje ya nchi. Nieleze vipi kipindi hicho bila kuonekana naomba huruma? Nani aniandikie barua ya mapendekezo, ilhali sijawasiliana na bosi wangu tangu nilipoondoka? Na je, GMAT (mtihani wa kujiunga na vyuo vya biashara) niliyofanya kabla ya kuacha kazi bado inafaa?

Mizania
Dada, la mtihani ni jepesi: matokeo ya GMAT hudumu miaka 5, na ya GRE, mtihani mwingine wa kujiunga, vivyo hivyo, kwa hiyo yako yamekwisha muda. Ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2 tu, usije ukayafanya mapema mno. GMAT yenyewe imebadilika tangu mwishoni mwa 2023: insha na jiometri zimeondolewa, imeongezwa sehemu ya kuchambua takwimu, na alama sasa ni kuanzia 205 hadi 805, hivyo usizilinganishe na za zamani. Vipo vyuo vinavyosamehe mtihani, lakini mimi katika hali yako nisingeomba msamaha huo, kwa sababu alama nzuri ya mwaka huu ndiyo itakayoondoa shaka kwamba hesabu zimekutoka kichwani.

Msomaji wa Mafaili
Nimewahi kuketi katika kamati ya udahili, naomba nijibu la kwanza. Pengo lenyewe halimwangushi mwombaji. Kinachosumbua ni pengo lisiloelezwa, kwa kuwa msomaji hulijaza kwa dhana zake. Vyuo vingi hutoa nafasi ya insha ya hiari, na hapo ndipo mahali pake: sentensi nne au tano zinazosema ulimhudumia nani, tangu lini hadi lini, na kwamba sasa majukumu hayo yana mtu mwingine wa kuyashika. Hilo la mwisho wengi hulisahau, ilhali kamati hujiuliza iwapo utaacha masomo katikati. Kwenye wasifu weka mstari mmoja wenye miaka, usiruke. Tafadhali usijiite "Mkurugenzi Mtendaji wa Kaya". Nimeyasoma hayo mara nyingi, na kila mara nilitamani mwombaji angeandika tu kwamba alikuwa akimlea mwanawe. Insha kuu iache izungumzie unakokwenda.

Kitunda
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila asikutishe ukaficha kila kitu. Kama katika miaka hiyo ulishika hazina ya kikundi au ulimtengenezea mtu hesabu za biashara yake, hiyo ni kazi, iandike kwa jina lake. Huyo uliyemfanyia ndiye awe mtu wa pili wa kukuandikia barua ya mapendekezo, kwa sababu amekuona karibuni. Wa kwanza abaki bosi wako wa zamani. Vyuo huelewa mtu asiyekuwa na mwajiri kwa sasa. Mwandikie mapema, umkumbushe kazi mlizofanya pamoja na matokeo yake, maana asipokumbushwa ataandika kwamba ulikuwa mchapakazi na mwaminifu, maneno yasiyomsaidia mtu.

Nasubira
Nashukuru sana. Kweli, nimekuwa nikimtengenezea jirani hesabu za duka lake la dawa, sikudhani zina uzito. Je, nichague Executive MBA, kwa kuwa umri umesogea?

Mizania
Hapana, dada. Executive MBA imeundwa kwa ajili ya watu walio kazini, na aghalabu chuo huuliza mwajiri wako atakuunga mkono vipi. Zipo programu za mwaka mmoja kwa wenye uzoefu mrefu, kama MSx ya Stanford na Sloan Fellows ya MIT. Ulizia kabla ya kulipa ada ya maombi kama miaka yako minane inatosha. Hata hivyo, kwa anayerudi kazini mimi huipendelea MBA ya miaka miwili, ingawa ni ghali, kwa sababu kati ya mwaka wa kwanza na wa pili kuna mafunzo kazini ya kiangazi, na hapo ndipo waajiri wengi huwapima wale watakaowaajiri baadaye. INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, humaliza kwa miezi 10, unaokoa muda, lakini nafasi ya mafunzo hayo ni finyu.

Msomaji wa Mafaili
Nyongeza kuhusu tarehe: vyuo vingi vya Marekani hufunga awamu ya kwanza ya maombi Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari. Kama bosi wako hajajibu kufikia Agosti, subiri Januari. Awamu ya tatu iepuke, hasa ukihitaji ufadhili, kwani kufikia hapo fedha nyingi huwa zimekwishagawiwa.