Naomba ushauri: chombo cha udongo cha kuokea kinanata na kutoa harufu ya sabuni

Habari zenu wapendwa. Niko Dodoma, Kisasa. Wifi yangu amehama akaniachia chombo chake cha kuokea, ile aina ya udongo mzito uliochomwa kwa moto mkali, usiopakwa rangi ya kung'aa. Nakipenda mno, mkate unaiva hadi chini bila kuungua.

Shida, mafuta ya zamani yameganda pembeni yananata, na kikipata joto kinanuka sabuni. Udongo wa hivi una vitundu, unafyonza sabuni, kwa hiyo mimi natumia maji ya moto na mwiko wa mbao kukwangua. Weusi wa katikati siugusi, ndio unaozuia mkate kushika. Nimepaka bekingi soda iliyokorogwa na maji kidogo: kunata kumepungua, harufu bado ipo.

Je, nikikiweka kitupu kwenye oveni baridi nikapandisha moto taratibu, harufu itaisha au kitapasuka? Joto liwe nyuzi ngapi? Halafu maji ya kisima huku yana chumvi, yanaacha utando mweupe. Siki inafaa kuutoa? Mliowahi kutumia vyombo hivi, naomba mnielekeze kabla sijaoka tena.